Mzigo mdogo, cheti rahisi: jinsi ya kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha

Kila wiki naulizwa maswali yale yale na watu wanaoanza biashara ya mpakani. "Tuko Jumuiya moja, mbona nimetozwa ushuru?" "Hicho cheti kinauzwa shilingi ngapi?" "Lazima nitafute wakala?" Nimechoka kuona watu wakilipa fedha wasiyodaiwa, au wakipitisha nyanya zao njia za panya usiku na mtoto mgongoni, ilhali dirisha la forodha liko wazi na fomu inatolewa bure. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Unamhusu mwenye mzigo mdogo: magunia machache ya mahindi, matenga ya nyanya, vikapu, sabuni za kutengeneza nyumbani, kuku. Mwenye semi-treila ana njia yake na ana wakala wake.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa. Sasa afisa atajuaje ipi ni ipi? Kwa cheti cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imezalishwa nchi gani. Cheti kamili kina maelezo mengi na huchukua muda, na kwa mtu mwenye magunia kumi usumbufu wake ni mkubwa kuliko faida ya mzigo. Kwa hiyo Jumuiya iliweka cheti rahisi cha uasili: ukurasa mmoja, unajazwa palepale mpakani na kugongwa muhuri na afisa wa forodha, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani.

Cheti hiki kinajibu swali moja tu: bidhaa imezaliwa wapi? Hakiulizi umeinunua wapi. Mchele wa Pakistani ulionunuliwa kwa risiti halali kabisa sokoni Arusha bado ni mchele wa Pakistani. Ukishika hilo, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Na faida yake ni kubwa. Chukua magunia 12 ya mahindi, kila moja kilo 100, kwa shilingi 900 kilo. Thamani yake ni shilingi 1,080,000. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, mahindi yanayotoka nje hutozwa asilimia 50. Yakichukuliwa kuwa hayana uasili unadaiwa shilingi 540,000. Yakiwa na cheti, ushuru wa forodha ni sifuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha taifa, na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria kama mpaka unaovuka unaidai.
- Risiti, ankara au karatasi ya mauzo yenye jina la muuzaji, idadi na bei. Kama umelima mwenyewe, barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mazao ni yako na yametoka wapi.
- Kwa mazao ya shambani: cheti cha afya ya mimea. Tanzania hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; Kenya ni KEPHIS, taasisi yao ya afya ya mimea. Kwa mifugo na nyama, cheti cha daktari wa mifugo.
- Kibali cha kusafirisha mazao pale kinapotakiwa. Kwa Tanzania, nafaka zinakihitaji, na maombi hupitia mfumo wa ATMIS wa Wizara ya Kilimo.
- Kwa bidhaa za kusindika: alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi yako, kama TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya).
- Kalamu yako mwenyewe. Ni kitu kidogo, lakini nimeona watu wakipoteza foleni kwa kutafuta kalamu ya kuazima.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha nchi unayokwenda inahusika. Cheti hiki ni cha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa Mbeya anayekwenda Zambia kupitia Tunduma, au Malawi kupitia Kasumulu, hakimsaidii. Nchi hizo si wanachama. Tanzania inafanya nazo biashara chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na cheti chake ni kingine. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake rahisi unaofanana na huu, lakini Tanzania si mwanachama wa COMESA, kwa hiyo fomu ya jirani yako wa Uganda anayeuza Zambia si fomu yako. DRC ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kuwa mwanachama ni jambo moja, kuanza kutumia taratibu zote za forodha ni jambo jingine, hivyo kwa nchi hizo mbili uliza forodha kabla hujapakia gari.

2. Jiulize kwa ukweli kama bidhaa yako ina uasili. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokwama.

Kundi la kwanza ni rahisi: vitu vilivyozalishwa hapa moja kwa moja. Mazao yaliyolimwa na kuvunwa hapa, mifugo iliyozaliwa na kukulia hapa, maziwa na mayai yake, samaki wa maziwa yetu, chumvi, madini yaliyochimbwa hapa. Kama mzigo wako ni huu, nenda hatua ya tatu.

Kundi la pili ni vitu vilivyotengenezwa hapa kwa malighafi ambayo yote au sehemu yake imetoka nje. Hapa kanuni zinataka pafanyike kazi ya maana. Kanuni za Uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zinataja kila aina ya bidhaa na kigezo chake. Viwili utakutana navyo mara nyingi. Cha kwanza: bidhaa iliyokamilika iangukie kifungu kingine cha ushuru, tofauti na malighafi iliyoingia; maana yake kilichotoka si kile kilichoingia. Cha pili: thamani ya malighafi ya nje isizidi asilimia fulani ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani, na kwa bidhaa nyingi asilimia hiyo ni 70.

Tuseme unatengeneza sabuni ya mche na kuiuza pale kwako kwa shilingi 1,000. Mafuta ya mawese yaliyoagizwa Asia yanakugharimu 450 kwa kila mche, na soda ya nje 100. Jumla ni 550, yaani asilimia 55. Kama kigezo cha bidhaa yako ni cha asilimia 70, umepita. Na kama sehemu ya mafuta ni ya mawese ya Kigoma au ya Uganda, hayo hayahesabiwi kuwa ya nje: malighafi yenye uasili wa nchi yoyote mwanachama huhesabiwa kama ya kwako. Watu wengi hawalijui hili na wanajinyima haki yao wenyewe.

Kundi la tatu ni vitu visivyopata uasili hata ukivihangaikia vipi. Kufungasha upya, kubandika lebo, kupepeta, kupanga kwa madaraja, kuchanganya tu: hizi ni kazi ndogo mno. Sukari ya Brazili iliyogawanywa kwenye paketi za kilo moja mjini Mombasa haijawa sukari ya Kenya. Mitumba nayo haipati, hata kama imefuliwa, imepigwa pasi na kutengenezwa vifungo.

3. Angalia kama bidhaa imo kwenye orodha. Cheti rahisi kina orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, na inapaswa kupatikana mpakani. Mazao ya kawaida ya chakula, mifugo, samaki na kazi za mikono ndivyo vitu vya kawaida humo. Usitegemee kauli ya mtu wa bodaboda. Omba kuiona orodha kwa macho yako.

4. Piga hesabu ya thamani. Kikomo ni dola 2,000 kwa mzigo. Afisa atageuza shilingi kuwa dola kwa kiwango kinachotumiwa na forodha wakati huo, si kiwango cha mbadilisha fedha wa barabarani. Ukiwa karibu na kikomo, jiachie nafasi. Mzigo wa dola 1,990 kwa hesabu yako unaweza kuwa 2,010 kwa hesabu yake.

Usigawe mzigo mmoja ili ujifiche chini ya kikomo. Nimeshuhudia shehena ya vitunguu ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja na fomu yake, wote wakishuka gari moja na wote wakiandika mpokeaji yule yule. Haikuchukua hata nusu saa kugundulika, na waliopoteza ni wale watatu walioazimisha majina yao kwa elfu kumi kumi.

5. Andaa magunia na vifungashio. Hatua hii hutaiona kwenye maelezo mengi, nami niliijua kwa kuumia. Nilikuwa namsaidia mama mmoja kuvusha mchele wa skimu ya Lower Moshi, mchele safi uliolimwa na dada yake, karatasi zote zipo. Tulipofika dirishani afisa hakutazama karatasi. Alitazama gunia. Lilikuwa gunia la kununua mtumba, na ubavuni lilikuwa limechapwa jina la nchi ya Asia, herufi nyekundu, kubwa kama kiganja. Magunia yote sita yalikuwa hivyo. Tulikaa pale mpaka jua likazama tukieleza, na sikuweza hata kumlaumu: kwa mtu asiyetujua, gunia lilikuwa linasema kinyume cha maneno yetu. Nunua viroba vyeupe visivyo na maandishi. Kama huna, geuza gunia ndani nje.

Tumia pia vipimo vinavyoeleweka. Gunia la kilo 100 lieleweke ni la kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, itakuletea ugomvi mara mbili, wa vipimo na wa thamani.

6. Fika mpakani na uingie jengo sahihi. Kwenye vituo vya huduma kwa pamoja, kama Holili na Taveta, Namanga, Sirari na Isebania, Horohoro na Lungalunga, Mutukula au Busia, utaratibu ni kwamba unasimama mara moja tu, kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukitoka Moshi kwenda gulio la Taveta, unapita Holili bila kusimama, na ndani ya jengo la Taveta unawakuta maafisa wa Tanzania na wa Kenya. Unaanza na wa nchi unayotoka, kisha unasogea kwa wa nchi unayoingia. Wageni wengi husimama upande wao wakimtafuta afisa asiyekuwepo, na hapo ndipo mtu mwenye kizibao na simu mbili anapojitokeza kuwaambia "nipe elfu ishirini nikupitishie".

Kwa mzigo wa kiwango hiki huhitaji wakala. Unajihudumia mwenyewe.

7. Omba fomu na uijaze. Sema waziwazi: "Naomba fomu ya cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki." Ni bure.

Mara nyingi fomu huwa kwa Kiingereza. Kama kinakusumbua, mwombe afisa akusomee. Hiyo ni kazi yake na si fadhila. Jaza hivi:

- Mtumaji: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mahali unapokaa.
- Mpokeaji: mnunuzi wako. Kama unakwenda kuuza mwenyewe sokoni, andika jina lako tena na jina la soko.
- Maelezo ya bidhaa: andika kwa ukamilifu. "Mahindi meupe makavu, magunia 12 ya kilo 100." Usiandike "chakula" wala "bidhaa mchanganyiko". Bidhaa tatu, mistari mitatu.
- Thamani: ile iliyo kwenye risiti. Ukiipunguza ili uonekane mdogo, karatasi zako zitapingana.
- Nchi ya uasili: nchi ilikozalishwa. Tumbaku ya Tabora ni Tanzania, hata kama wewe ni Mkenya na umeinunua Namanga.
- Tamko na sahihi: hapa unatangaza kwamba uliyoandika ni kweli. Kutoa tamko la uongo kwa forodha ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Usitie sahihi fomu tupu, wala fomu iliyojazwa na mtu mwingine ambayo hujaisoma.

Afisa atakagua mzigo, atatia sahihi na kugonga muhuri. Kabla hujaondoka dirishani, tazama vitu vitatu: muhuri unasomeka, tarehe ipo, idadi inalingana na mzigo. Muhuri uliofifia umerudisha watu wengi.

8. Kabidhi cheti kwa afisa wa nchi unayoingia. Yeye ndiye anayekuondolea ushuru. Piga picha ya cheti kwa simu kabla hujakiachia, na utunze nakala pamoja na risiti. Ukikamatwa na ukaguzi barabarani kilomita arobaini mbele, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Ambacho cheti hakifanyi

Wengi hukasirika hapa, kwa hiyo nikuambie mapema. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi za ndani kama VAT, pale zinapotozwa kwa bidhaa ya aina hiyo iliyozalishwa humo humo, zitakuhusu pia. Ada za vibali na ukaguzi zinabaki.

Wala cheti hakithibitishi usalama wa chakula. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, moja likiwa cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya kiwango cha 10 ppb, yaani sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa na vyeti vya uasili peke yake wiki ile walikwama na malori yao kama wengine. Mahindi yavushe yakiwa makavu kweli, na cheti chake cha maabara kiwe mfukoni.

Mambo yakienda kombo

*"Bidhaa yako haimo kwenye orodha."* Haina maana kwamba haina uasili. Ina maana cheti rahisi hakiihusu. Bado unaweza kuomba cheti kamili cha uasili. Hutolewa na mamlaka ya mapato: Kenya ni KRA, Uganda ni URA, na Tanzania anzia ofisi ya forodha ya TRA iliyo karibu nawe ikuelekeze. Kifuate ukiwa bado nyumbani, si ukiwa na nyanya zinazoiva dirishani.

*Mzigo umezidi dola 2,000.* Vivyo hivyo, cheti kamili. Au punguza mzigo, rudisha uliozidi, uvushe kihalali siku nyingine kwa biashara nyingine.

*Unaombwa hela ya fomu.* Jibu kwa adabu: "Naomba namba ya malipo na risiti ya serikali." Ada halali ina risiti. Kwa fomu hii, sentensi hiyo kwa kawaida humaliza mazungumzo. Isipoisha, omba kuonana na mkuu wa kituo.

*Mzigo mchanganyiko.* Una mahindi yako na katoni mbili za betri za China kwenye toroli moja. Cheti kinafunika mahindi. Betri zitangaze pembeni na uzilipie. Ukizificha chini ya magunia, zikionekana utapoteza imani ya afisa kwa mzigo wote, mahindi yakiwemo.

*Afisa ana shaka na uasili.* Mpe risiti, barua ya kijiji, cheti cha afya ya mimea, namba ya simu ya mkulima. Akiendelea kutia shaka, uliza kama mzigo unaweza kuachiwa kwa dhamana wakati uhakiki unaendelea, hasa kama ni kitu cha kuoza. Usipandishe sauti, lakini usiondoke bila kuandika jina la afisa, saa, na sababu aliyokupa.

*Cheti kimekubaliwa upande mmoja, upande wa pili umekataa.* Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni kosa la kujaza linalorekebishika palepale, na faida ya jengo la pamoja ni kwamba aliyekugongea muhuri yuko mita ishirini kutoka kwa anayekukatalia. Mrudie, wazungumze wao kwa wao. Kama tatizo ni amri mpya isiyojulikana, nenda dawati la taarifa za biashara kama kituo kina moja, na uripoti kama kikwazo kisicho cha kiushuru, yaani zuio la biashara lisilo ushuru wenyewe. Kila nchi ya Jumuiya ina kamati ya kitaifa inayofuatilia vikwazo hivyo, na ripoti za wenye magunia kumi zina uzito sawa na za wenye malori.

*Umefika fomu zimekwisha.* Hutokea, hasa siku ya gulio. Uliza kama nakala iliyotolewa fotokopi itakubaliwa kituoni hapo. Mimi hubeba fomu tupu mbili tatu kwenye begi tangu siku niliyochelewa soko kwa ajili hiyo. Ukienda mara ya kwanza, omba za ziada uondoke nazo.